Namna ya kuuliza maswali mazito Mtwara na Lindi bila kumweka mhojiwa matatani

Muulize mkulima wa Tandahimba kama msimu uliopita aliuza korosho kwa kangomba, yaani kwa mchuuzi nje ya mnada, atakujibu "hapana" kabla hujafika mwisho wa swali. Huenda kweli hakuuza. Huenda aliuza gunia moja mwezi wa nane kwa mchuuzi aliyemkopesha hela ya salfa, dawa ya kupulizia mikorosho. Jibu lake halikuambii lolote, maana aliyeuza na asiyeuza wote wana sababu moja ya kusema hapana. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze mwaka 2007, korosho inatakiwa ipite chama cha msingi cha ushirika kisha mnadani, na anayeuza pembeni anahesabiwa mkosaji. Mwaka 2018 ndio uliokoleza hofu. Rais Magufuli aliagiza serikali inunue korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likaingia kuibeba, na timu za uhakiki zikapita kuwabaini wenye mzigo wa kangomba. Aliyeulizwa wakati ule shamba lake liko wapi na lina mikorosho mingapi hasahau. Wewe ukija leo na kishikwambi na fulana yenye nembo, ukauliza habari hizohizo, kwake u mhakiki tu.

Ukishuka pwani, Msimbati au Kilwa Kivinje, swali zito ni uvuvi wa baruti na wa kokoro, wavu wa kukokota. Kwenye zahanati ni VVU na mimba zilizotolewa. Kwa wanawake ni kipigo cha nyumbani. Yote yana sura moja: jibu la kweli laweza kumfikisha mtu polisi, kumvunjia ndoa, au kumvunjia heshima mbele ya watu anaoswali nao.

Nimekuwa mdadisi, kisha msimamizi wa wadadisi, katika mikoa hii miwili. Ninaloshikilia ni hili: maneno "majibu yako yatakuwa siri" hayatoshi. Mtu wa kijijini ameyasikia mara nyingi na ameona yalikoishia. Usimwombe akuamini. Ipange kazi ili hata wewe mwenyewe, ukibanwa na mkubwa yeyote, usiwe na jina la kumtajia. Hatua zifuatazo zote zinaelekea huko.

Hatua ya 1: Pima kama swali lina haja ya kuulizwa

Chukua karatasi uandike: jibu likiwa asilimia 10 tutafanya nini, likiwa asilimia 40 tutafanya nini? Kama ni kilekile, lifute swali. Nimeona madodoso yenye maswali ya VVU yaliyowekwa kwa sababu tu dodoso la zamani lilikuwa nayo. Kila swali la namna hiyo linamgharimu mtu usingizi wake, na wewe huna unachopata.

Jua pia unatafuta nini. Mbinu nitakazoeleza zinakupa kiwango cha kundi zima, yaani wangapi katika mia. Hazikuambii nani. Kama mradi unataka kumjua mwenye shida ili apate dawa au hifadhi, hiyo ni kazi ya mhudumu wa afya au ofisa ustawi wa jamii, si ya mdadisi mwenye dodoso.

Na kuna ahadi usiyoruhusiwa kuitoa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii anayejua kwamba mtoto anadhulumiwa atoe taarifa. Kwa hiyo usimwambie mtu "lolote utakalosema halitoki hapa" halafu ukamuuliza habari za watoto wake. Mweleze mapema mpaka wa siri uko wapi. Mdadisi awe pia na namba za msaada kichwani, ikiwemo 116 ya simu kwa mtoto na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi wilayani. Asizigawe kwenye kikaratasi. Kikaratasi chenye namba ya dawati kikikutwa kwenye mkoba wa mwanamke, mumewe atataka kujua kimetoka wapi.

Hatua ya 2: Pita ofisini, lakini usiondoke na msindikizaji

Watafiti huomba kibali COSTECH, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, na utafiti wa afya hupita pia kwenye kamati ya maadili ya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa. Barua hushuka mkoani, halmashauri, kata, kwa mtendaji wa kijiji, mpaka kwa mwenyekiti wa kitongoji. Kila meza itakuuliza mnauliza nini. Andaa sentensi moja ya kweli isiyowasha moto: "Tunauliza maisha ya kaya na mapato ya korosho." Shirika la Afya Duniani linawashauri hivyo hivyo wanaotafiti ukatili dhidi ya wanawake: kijijini utafiti utambulishwe kama wa afya ya wanawake, na mhojiwa mwenyewe aelezwe yote kabla ya kukubali. Dodoso kamili liko kwenye kamati ya maadili, kwa hiyo hujamdanganya mtu.

Mambo mawili uyakatae kwa adabu. La kwanza ni orodha ya "wale wanaojulikana". Mwenyekiti anaweza kukupa majina ya wapiga baruti kwa nia njema kabisa, ila ukiyapokea tu, umeshakuwa sehemu ya kesi. La pili ni msindikizaji wa kuingia nyumbani. Balozi akuonyeshe nyumba kisha arudi zake. Lizungumze hili na mtendaji siku ya kwanza, ofisini, mkiwa wawili, kwa sababu ukingoja kumwondoa balozi pale mkekani mbele ya wenyeji, umemwaibisha, na siku iliyobaki hutafanya kazi.

Kumbuka pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Habari za afya na za makosa inazihesabu kuwa taarifa nyeti, na taasisi zinazokusanya taarifa binafsi zinatakiwa kujisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Msimamizi asiyeisoma sheria hii asipeleke watu kijijini.

Hatua ya 3: Chagua wadadisi wasio na ndugu pale

Kijana wa kijiji ni rahisi, anajua njia, na hahitaji hela ya kulala. Ndiye usiyemtaka. Nani atamweleza mtoto wa jirani kwamba alitoa mimba? Mchukue wa Newala umpeleke Masasi, wa Nachingwea umpeleke Lindi vijijini. Ajue Kimakonde, Kimakua, Kiyao au Kimwera kulingana na mahali, maana bibi wa miaka 70 atasikiliza Kiswahili chako kwa heshima na kujibu kile alichokisia.

Kwa makabila haya ukoo hufuata upande wa mama, na mjomba ana sauti kubwa. Mazungumzo yakianza tu mwenyeji atauliza, "Wewe wa ukoo gani?" Ni salamu nzuri, lakini mara nyingi inafichua kwamba mdadisi na mhojiwa wana mjomba mmoja. Ikitokea hivyo, mdadisi anywe maji, aage vizuri, na mwenzake aje badala yake. Tuliweka kanuni hii baada ya mdadisi wetu mmoja kumhoji dada wa ukoo wake bila kujua. Kabla ya jioni, mama wawili walikuwa wameshaulizana kwa simu yule binti alijibu nini.

Kwenye mafunzo, siku nzima iwe ya uso na mdomo. Nilikuwa na binti mwangalifu sana, mwandiko mzuri, hakosei namba. Mhojiwa alipomwambia jambo la kuogofya, binti akanong'ona "astaghfirullah". Hakuwa na ubaya. Ila yule mama alifunga mdomo, na maswali yote yaliyobaki yalijibiwa "hapana". Wafundishe kuitikia kwa neno moja tu, "ndiyo, mama", kwa sauti ileile, awe anasimulia mavuno au msiba.

Hatua ya 4: Kaeni mnapoonekana lakini hamsikiki

Ndani ya nyumba na mlango umefungwa si faragha. Ni tetesi. Barazani napo watoto watawajaa miguuni. Mahali pazuri ni chini ya mkorosho au mwembe hatua 20 hivi kutoka uani: kila mtu anaona mnaongea, hakuna anayesikia. Hodi, shikamoo, habari za nyumbani, msizikate ili muwahi. Kama mwenye nyumba hakusalimiwa, atakuja kukaa mkekani kujua nyinyi ni nani.

Kuwe na ukurasa wa kukimbilia. Sisi tulitumia maswali ya chandarua na mbu. Mtu akisogea, mdadisi anafungua ukurasa ule na kuendelea kama vile hakukuwa na jingine: "Na usiku wa jana, watoto wangapi walilala ndani ya chandarua?" Mhojiwa aelezwe mpango huo mwanzoni, asije akashangaa. Kwa maswali ya kipigo, hoji mwanamke mmoja tu kwa kila kaya. Ukihoji wawili, wa pili ameshajua wa kwanza kaulizwa nini.

Hatua ya 5: Maneno

Neno kangomba lenyewe lina hatia ndani yake, sawa na chomachoma kwa wanaoliita hivyo. Anza na hali: "Kuna watu shida huwabana kabla mnada haujaanza, wakauza kidogo hapa hapa kijijini. Msimu uliopita, wewe ulilazimika kuuza hivyo?" Taja msimu, usiseme "umewahi". Kwa kipigo usiulize "umenyanyaswa?" kwa kuwa wengi hawaliiti hivyo. Uliza tendo: alikupiga kofi, alikusukuma, alikurushia kitu. Tafsiri ya lugha ya kienyeji iandikwe na kukubaliwa kabla. Usimwachie kila mdadisi atafsiri chini ya mwembe.

Hatua ya 6: Chagua namna ya kujibu

Hapa ndipo penye kazi. Ziko mbinu kadhaa, na kila moja inauza kitu kununua kingine.

Sanduku. Mhojiwa anapewa kadi mbili zenye picha bila maandishi, anachagua moja mwenyewe mdadisi akiwa amegeuka, anaitia kwenye bahasha, anaifunga na kuitumbukiza kwenye sanduku lenye kufuli. Kufuli lifunguliwe wilayani, bahasha za vijiji kadhaa zikiwa zimechanganywa. Shirika la Afya Duniani, katika utafiti wake wa nchi nyingi uliofika Dar es Salaam na Mbeya, liliwapa wanawake kadi yenye uso wa huzuni na uso wa furaha, kuuliza kama waliwahi kudhulumiwa kingono utotoni. Katika maeneo mengi, kadi ilifichua zaidi ya yale waliyokuwa tayari kuyasema kwa mdomo. Mbinu hii haina hesabu ngumu, asiyejua kusoma anaiweza, na kwa sampuli ndogo ndiyo ninayoipenda.

Ina mtego mmoja wa kwetu, na mwongozo wa kigeni hautakuambia. Sanduku na kura ya siri kijijini vinakumbusha kuwataja wahalifu. Mwaka 2009 serikali iliendesha kura za siri ili wananchi wawataje wanaoshukiwa kuua watu wenye ualbino, na vijijini kura kama hizo zimewahi kupigwa kwa ajili ya wezi. Mzee akiliona sanduku lako atadhani anaitwa kumtaja jirani, au jirani anamtaja yeye. Kwa hiyo sema wazi: "Kadi hii ni ya kwako wewe mwenyewe tu, hakuna jina la mtu linaloandikwa." Na sanduku lisifanane na la uchaguzi. Sisi tuliishia kutumia ndoo ya rangi yenye mfuniko uliotobolewa.

Dadu. Wazo lake la msingi lilitolewa na Stanley Warner, Mmarekani, mwaka 1965. Yeye alitumia kishale cha kuzungusha. Dadu ni sura nyepesi iliyokuja baadaye. Mhojiwa anarusha dadu ndani ya kikombe asichokiona mtu mwingine. Ikitoka 1, anasema "ndiyo" hata kama si kweli. Ikitoka 6, anasema "hapana" hata kama si kweli. Ikitoka 2, 3, 4 au 5, anajibu ukweli wake. Mdadisi anasikia jibu, haioni dadu. Ndiyo inaweza kuwa ya mtu na inaweza kuwa ya dadu.

Hesabu yake, kwa mfano tu: watu 300 wamejibu, 95 wamesema ndiyo. Hiyo ni 0.317. Dadu peke yake huleta ndiyo moja katika sita, yaani 0.167. Toa, inabaki 0.15. Waliotakiwa kujibu ukweli ni theluthi mbili, kwa hiyo gawa 0.15 kwa 0.667, unapata 0.225. Yaani takriban watu 22 hadi 23 katika kila 100 waliuza kangomba. Katika zile ndiyo 95, kama 50 zimesemwa kwa amri ya dadu.

Lakini mwambie ukweli msimamizi wako kuhusu gharama. Kwa watu 300, makadirio hayo yana nafasi ya kupanda au kushuka kwa pointi za asilimia karibu 8. Swali la wazi, kama watu wangelijibu kwa ukweli, lingekuwa na pointi chini ya 5. Kupata uhakika uleule kwa dadu utahitaji watu wapatao 840. Hiyo ndiyo bei ya faragha. Na usijidanganye kwamba ndiyo ya mtu haina uzito wowote: katika mfano huu, kati ya waliosema ndiyo, kama 6 katika 10 ni waliouza kweli, wakati katika kundi zima ni 2 tu katika 10. Dadu inapunguza hatari, haiiondoi. Majina bado hayaandikwi.

Kinachoharibu dadu mara nyingi ni ile ndiyo ya lazima. Mtu mcha Mungu ambaye hajawahi kuuza gunia nje anatakiwa aseme "ndiyo, niliuza". Hawezi. Anahisi anajizulia, au anasema uongo mbele ya Mola wake. Anasema hapana, na hesabu yako inashuka bila wewe kujua. Dawa tuliyoipata ni kuyaondoa maneno yenyewe. Mhojiwa ana kunde na choroko mkononi. Mwenye kujibu "niliuza" huweka kunde kwenye kisahani, asiyeuza huweka choroko, na dadu ikitoka 1 weka kunde, ikitoka 6 weka choroko. Hakuna aliyesema jambo la uongo. Kaweka kunde tu, kama dadu ilivyotaka.

Na kabla ya swali lenyewe, badilishaneni nafasi. Mdadisi awe mhojiwa, mhojiwa awe mdadisi. Tumieni swali la kawaida, "asubuhi ulikunywa chai?", mhojiwa amuulize mdadisi mara tano na ajaribu kukisia ukweli. Akishindwa, atacheka, naye ataelewa kwa mikono yake kwamba wewe pia utashindwa. Maelezo ya nusu saa hayafikii dakika tatu za mchezo huu. Ikiwa muda wa mafunzo ni mfupi, punguza mengine yote, hili liache.

Orodha. Gawa wahojiwa makundi mawili kwa bahati nasibu. Kundi la kwanza linasomewa mambo manne ya kawaida: nilipulizia salfa, nililima mbaazi, nilisafiri nje ya mkoa, nilinunua bati. La pili linasomewa manne hayohayo na la tano: niliuza korosho kijijini kabla ya mnada. Kila mmoja anataja idadi tu, mangapi aliyafanya, bila kutaja yapi. Wastani wa kundi la pili ukitoa wastani wa la kwanza ndio kiwango cha waliouza. Wastani ukiwa 2.10 na 2.32, tofauti ni 0.22, yaani asilimia 22.

Kwa kuhesabu, mpe mhojiwa kete tano za bao. Kila jambo alilofanya, anahamisha kete kutoka mkono wa kulia kwenda wa kushoto, mikono ikiwa chini ya kanga au ndani ya mfuko wa koti. Mwisho anataja idadi ya kete za kushoto. Wazee wa bao huifanya bila kufikiri.

Yachague mambo manne kwa uangalifu. Mtu aliyeyafanya yote matano hana tena pa kujificha. Kwa hiyo weka moja ambalo ni wachache sana wamelifanya, na mawili ambayo alifanyaye moja huwa hafanyi jingine. Lakini nasema wazi kwamba orodha ni mbinu ya sampuli kubwa. Ukiwa na watu 150 kila upande, na majibu yakitawanyika kwa kiasi cha jambo moja juu na chini ya wastani, ile asilimia 22 inaweza kupanda au kushuka kwa pointi 23. Yaani hujui kama ni sifuri au ni karibu nusu ya kijiji. Nimesoma ripoti zilizoandika namba kama hiyo bila kuonyesha upana wake, na viongozi wakaitumia. Kama huna watu elfu na zaidi, achana nayo.

Namba ya simu. Hii haina dadu wala mfuko, na inafaa hata kwa mahojiano ya simu. Inaulizwa hivi: "Mfikirie mtu mmoja ambaye namba yake iko kwenye simu yako. Usimtaje. Sasa kuna maswali mawili. La kwanza: namba yake inaishia na 0, 1 au 2? La pili: msimu uliopita uliuza kabla ya mnada? Usijibu moja moja. Niambie tu, majibu yako mawili yanafanana au yanatofautiana?" Yanafanana maana yake ndiyo zote mbili au hapana zote mbili, na hakuna lolote kati yake lililo na hatia.

Kwa kawaida mbinu hii hutumia mwezi wa kuzaliwa. Vijijini kwetu wazee wengi wanaujua mwaka kwa tukio, mwezi hawaujui, ndiyo maana nimeweka namba ya simu. Nafasi ya tarakimu tatu kati ya kumi ni 0.3. Hesabu: chukua 0.7, toa sehemu ya waliosema "yanafanana", gawa kwa 0.4. Wakisema hivyo 180 kati ya 300, hiyo ni 0.60. 0.7 toa 0.60 ni 0.1, ukigawa kwa 0.4 unapata 0.25. Kabla hujaanza, kagua namba mia mbili tatu za eneo lako uone kama kweli tarakimu hizo zinaangukia karibu na 0.3, maana watu hununua namba nzuri.

Hatari yake ni mhojiwa asiyeelewa akajibu ovyo. Majibu ya ovyo husogea kwenye nusu kwa nusu, na kwa hesabu hii nusu kwa nusu inatoa asilimia 50 ya wakosaji. Kijiji cha watu wasafi waliochoka kitaonekana kimejaa kangomba. Weka swali moja la mtego kuhusu jambo ambalo hakuna aliyelifanya, mfano kuuza tani 100 za korosho za shamba lake mwenyewe. Likikuletea asilimia 12, jua majibu mengine nayo yamevimba.

Hedifoni. Maswali yamerekodiwa, mhojiwa anayasikiliza peke yake na kugusa picha kwenye kishikwambi. Kwa vijana wa Mtwara mjini na Lindi mjini inafaa sana, hasa maswali ya mapenzi. Kwa bibi asiyewahi kushika simu ya kugusa, utakuja kumshikia kidole mwenyewe, na faragha imekwisha.

Hatua ya 7: Jaribu na watu 30

Jaribu kijiji ambacho hakimo kwenye sampuli. Usiwaulize kama wameelewa. Watasema wameelewa, kwa heshima. Mwombe mhojiwa amweleze mwenzake namna ya kujibu, wewe ukisikiliza. Anapokosea, maelezo yako ndiyo yenye tatizo. Ratiba nayo iangalie. Minada ya korosho huanza karibu na Oktoba, na ukiuliza habari za kangomba wiki hiyo kila mtu atakuwa macho. Masika nayo hukata barabara. Ijumaa mchana usimkamate mtu.

Hatua ya 8: Ziba matundu baada ya mahojiano

Siri nyingi hazivuji kwenye dodoso. Zinavuja kwenye fomu ya posho. Mhasibu anataka jina, namba ya simu na sahihi ya kila aliyepewa hela ya sabuni, na karatasi hiyo inazunguka ofisi tatu. Kutuma hela kwa simu kunaacha alama ileile. Kubaliana na mhasibu kabla ya safari: walipwe kwa hesabu ya kitongoji, mashahidi wawili wa timu wasaini, au wapewe kitu kilekile kaya zote, zilizohojiwa na zisizohojiwa. Sisi tuligawa sabuni mche kwa kila nyumba.

Kundi la WhatsApp la wadadisi lisipokee picha ya dodoso wala ya mhojiwa, hata kwa nia ya kuuliza "hapa nimejaza sawa?" Picha za ripoti kwa wafadhili zipigwe kwenye mkutano wa kijiji, si chini ya mwembe. Kwenye kishikwambi zima kurekodi mahali. Nukta ya setilaiti juu ya nyumba ni jina lenye sura nyingine. Programu ya kujazia dodoso kama ODK ina njia ya kufunga fomu kwa ufunguo ili hata kishikwambi kikiibwa stendi kisisomeke. Washa njia hiyo kabla ya kuondoka, mkiwa na mtandao.

Ridhaa ichukuliwe kwa mdomo, mdadisi aweke alama kwamba imetolewa. Sahihi au dole gumba la mhojiwa ni ushahidi kwamba alikuwepo.

Hatua ya 9: Toa majibu bila kuwaonyesha watu

Usichapishe kiwango cha kijiji kimoja. Kijiji cha wavuvi wenye mashua sita kikisomwa kuwa "theluthi moja wanatumia baruti", polisi watajua mashua mbili za kuanzia. Toa kwa wilaya, au unganisha vijiji vinne vitano. Angalia na safu za jedwali: mwanamke, mjane, mwenye bodaboda, wa kitongoji fulani, huyo ni mtu mmoja na kila mtu anamjua. Safu yenye watu chini ya 10 sisi tunaiunganisha na ya jirani.

Rudini kijijini muyasome majibu mkutanoni, kwa lugha yao. Kuna atakayesimama na kuuliza, "Sasa hao waliouza ni akina nani?" Jibu ni kwamba hamjui, na ndivyo kazi ilivyopangwa. Tulipojibu hivyo mara ya kwanza, kwenye mkutano mmoja wa kata, mtendaji hakufurahi. Lakini msimu uliofuata, kwenye kijiji kile kile, wahojiwa wachache zaidi walikataa kuanza mahojiano.

Karatasi ya kuunganisha namba ya kaya na nyumba, kama mlilazimika kuwa nayo kwa ajili ya kurudia ziara, ikae kwenye kabati tofauti na madodoso, ufunguo kwa mtu mmoja. Ziara ya mwisho ikiisha, ichomwe siku hiyo hiyo, wawili wakiangalia, na tarehe iandikwe kwenye daftari la mradi.